Jiwe Nililosema Nimeliondoa

Habari za kifo chake zilinikuta barabarani, karibu na Salama, injini ikiwa imezima. Haikuwa imeharibika. Gari ni la mwanangu, jipya, la aina ile inayojizima yenyewe kila linaposimama na kujiwasha dereva akiinua mguu kwenye breki. Malori yalikuwa yamefunga njia mbele yetu, tukasimama, mngurumo ukakatika, na katika ukimya ule simu yangu ikalia. Alikuwa binamu yangu mwenye duka pale Salama, ambaye mpaka leo ananiita Mwalimu ingawa chaki niliiacha zamani. "Mwalimu, yule mzee wa pancha ametuacha," akasema. "Jana asubuhi. Amekunywa uji, akaenda kulala kidogo, basi." Nilimuuliza mazishi ni lini, nikamshukuru, nikakata simu. Foleni ikasonga, injini ikajiwasha, na mwanangu akataka kujua kama nilimjua sana marehemu. Nikamjibu tulifahamiana kidogo tu. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kuhusu mtu yule. Safu ya leo ni ya kueleza ule wa kwanza.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi na magari mapya hatupatani. Mara ya kwanza mwanangu aliponiachia usukani wa hilo lake, nilipofika nyumbani nilipeleka mkono wa kushoto katikati ya viti kutafuta handibreki, nikashika hewa. Siku hizi ni kitufe. Unakivuta kwa ncha ya kidole, taa nyekundu inawaka, mambo yamekwisha. "Imeshika, Baba," akaniambia. Nikauliza nitajuaje kwamba imeshika. Akasema gari lenyewe linajua. Basi nikashuka, nikaokota jiwe kando ya ua, nikalitia nyuma ya gurudumu, na kijana akacheka mpaka akafuta machozi. Nilimwacha acheke. Kuna mambo ambayo mzazi hamwelezi mtoto kwa sababu hajayaeleza kwa mtu yeyote.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu mgeni kazini, nafundisha shule ya msingi huko Kanyangi, na kwetu ni Kasikeu. Shule zikifungwa nilikuwa naomba lifti kwenye lori la mwenye duka mmoja, lililokuwa likibeba ndengu na pamba. Dereva wake ndiye huyu tuliyemzika. Wakati huo alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, mrefu, mkali wa maneno, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao. Lori lilikuwa limechoka. Waya wa handibreki ulikatika kabla mimi sijaanza kunyoa ndevu, na tajiri hakuona haja ya kununua mwingine. Stata nayo ilikuwa inakubali siku inayotaka, kwa hiyo dereva hakuthubutu kuzima injini mahali pa tambarare. Ila kwenye mteremko mrefu alikuwa anaizima makusudi ili asichome dizeli ya bure, tunateremka kimya huku akiimba wimbo wa kanisani, na tukikaribia chini anatia gia, injini inakohoa na kuamka. Leo mwanangu akinisimulia juu ya injini inayojizima kama ugunduzi wa juzi, mimi namtazama tu.

Siku ya kwanza nilipopanda na sanduku langu la bati, alinipa sheria za mle ndani. "Mwalimu, hapa mbele hapana abiria," akasema. "Anayekaa hicho kiti ndiye handibreki." Maana yake niliijua tulipofika mlimani na maji ya rejeta yakaanza kuchemka. Yeye alisimama akiwa ameikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, nami nikaruka chini, nikatafuta jiwe la maana, nikalitia nyuma ya gurudumu, ndipo akaweza kushuka kuongeza maji. Wakati wa kuondoka kazi ilikuwa ngumu zaidi. Lori likishachomoka haliwezi kusimama tena kwenye kilima, kwa hiyo ulipaswa kulinyanyua jiwe, kulitoa nje ya barabara mpaka kwenye nyasi, kisha ulikimbilie lori na kulidandia. Ukishafunga mlango, anakuuliza, bila kukutazama, "Jiwe umetoa?" Na hakuongeza gia mpaka umjibu. Madereva wengi wa enzi zile waliyaacha mawe yao palepale walipoyatia, na barabara zetu za Kitui na Makueni zilijaa mawe hayo. Yeye alikuwa akiyaona anafoka peke yake. Mahali pa tambarare alikuwa akisimama na kunishusha niyatoe hata ya watu wengine. "Jiwe la barabarani lina mwenyewe," alikuwa akisema. "Hata akienda mbali, ni lake."

Ilikuwa likizo ya Desemba, alasiri, mvua imenyesha mchana kutwa. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya Kasikeu rejeta ilichemka kama kawaida yake, nikashuka, nikatia jiwe. Nilikuwa nimevaa suruali mpya na viatu vipya, vya kwenda kujionyesha kanisani Jumapili; mshahara wangu wa kwanza kamili ulikuwa miguuni. Lori lilipoanza kujikokota juu niliinama nikalishika jiwe. Lilikuwa limezama topeni. Nililivuta mara moja, tope likanirukia, lori likazidi kunipita, nikaliacha. Nikakimbia, nikadandia, nikafunga mlango. "Jiwe umetoa?" Nikasema, "Nimetoa." Akaongeza gia. Sikufikiria hata kidogo kwamba nimefanya jambo. Nilikuwa napangusa viatu.

Jioni hiyo, kungali na mwanga bado, mtu mmoja aliyekuwa akitoka sokoni na gunia nyuma ya baiskeli yake aliteremka kilima kile. Baiskeli ililigonga jiwe, naye akaanguka vibaya, akafa palepale. Aliacha mke na watoto watano. Nilizisikia habari hizo kanisani, ndani ya viatu vyangu vipya. Watu walikuwa wameliona lori la Kanyangi limesimama pale, na dereva alikuwa ameshakamatwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama tumbo linaniuma. Siku mbili nililala nimegeukia ukuta, nikipanga maneno ya kwenda kusema polisi. Siku ya tatu habari nyingine zikaja. Dereva alikuwa ameandikisha kwamba siku ile alikuwa peke yake ndani ya lori, kwamba jiwe alilitia mwenyewe, akalisahau. Mimi sikuwako. Alikuwa amenifuta. Korti ilimfunga miezi minane na kumnyang'anya leseni. Januari nilirudi Kanyangi, nikasimama mbele ya watoto, nikafundisha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja, yalizaliwa palepale, nimekaa nayo nyumba moja maisha yangu yote.

Sikumwona tena mpaka miaka ya themanini, nilipokuwa na kigari changu mwenyewe na nimeanza kuandika hapa. Gurudumu liliniishia hewa karibu na Salama, nikasukumiwa mpaka kwa fundi wa pancha kando ya barabara. Alikuwa ni yeye, mvi tele, ameketi juu ya tairi kuukuu. Alinitazama kidogo, akasema, "Karibu, Mwalimu." Akaleta mawe mawili, akayatia magurudumuni, akafanya kazi yake polepole. Nilisimama pale nikiwa na sentensi nzima mdomoni. Alipomaliza aliyabeba mawe yale yeye mwenyewe mpaka mbali na lami, akarudi akijipangusa mikono. Nikasema asante. Akasema safari njema. Niliondoka nikiwa nimekasirika, jamani, eti nimemkasirikia yeye, kwa kuwa hakunirahisishia.

Mtaniambia kwamba magari ya leo yametuondolea balaa hizo, nami nakubali. Lile lori halikufaa kuwa barabarani hata siku moja, na tajiri wake alipaswa kusimama kortini kabla ya dereva. Kama lingekuwa na kitufe kile cha gari la mwanangu, wale watoto watano wangemwona baba yao usiku ule. Sitetei vya kale. Ninachokiona ni kwamba tumezoea haraka sana kusema gari linajua, kompyuta inajua, ofisi inajua, na kila mwaka ni wachache zaidi wanaobaki wa kuulizwa kwa jina: wewe, umefanya? Na tukiulizwa, tumejifunza kujibu upesi. Nimewakemea wakubwa wa nchi hii katika ukurasa huu kwa kusema wamemaliza barabara ambazo hawajaanza na visima ambavyo havijachimbwa. Nimewakemea kwa lugha kali, na watu wamenipigia makofi. Wakati wote huo nilikuwa mmoja wao.

Mazishini walinipa nafasi ya kusema, kwa kuwa jina langu hutoka gazetini. Nilisema marehemu alikuwa mchapakazi na mtu wa Mungu, nikaketi. Hata pale, mbele ya jeneza, nilishindwa. Watu walipotawanyika nilimfuata mjane wake jikoni, alikokuwa ameketi na wanawake wawili. Wanawake wale wakatupisha. Nikapiga magoti, mimi na magoti haya mabovu, nikamwambia yote: tope, viatu, na neno nililosema. Alinisikiliza huku akinitazama mikono.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Aliniambia siku ile ametoka jela. Alisema huyo ni kijana, kazi ndiyo ameanza, wakimfunga ameisha."

Nikamwuliza, "Mama, hakuwa na hasira nami?"

"Hasira ilikuwako. Ikaisha. Lakini huku mwisho macho yake yalikuwa yamekataa kusoma. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiambia, nisomee ile ya Mwalimu. Namsomea yote mpaka chini. Halafu ananiuliza, ni hayo tu? Namwambia ni hayo tu. Anasema, haya, labda siku ingine."

Watoto wa yule mwenye baiskeli, ambao sasa ni watu wazima wenye wajukuu, nimewaandikia barua kabla ya kuwaandikia ninyi. Hawajajibu, wala hawalazimiki. Mwanangu nimemwambia pia, na safari hii hakucheka. Ninyi wasomaji nawaachia somo moja tu, kwa kuwa nimelilipia umri wangu wote. Nilidhani miaka hiyo yote kwamba naogopa kunyimwa msamaha, kumbe nilikuwa nimeshasamehewa zamani. Alichotaka ni nije niombe. Ukiwa na neno kama langu kwa mtu, usilihifadhi mpaka lipate maneno mazuri. Mpelekee vivyo hivyo lilivyo, angali anasikia. Mimi leo nimeyaandika yote, mpaka chini, na hakuna tena wa kusomewa.