Abiria Niliyemwona Bila Miwani

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya hayakumpata rafiki wa jirani yangu. Yamenipata mimi mwenyewe, na macho yangu haya mabovu. Tena ubovu wake ndio uliofanya niwe hai leo.

Miaka ya tisini nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Kihindi pale Shinyanga mjini, Bwana Pravin. Duka lake liliuza kamba, nyundo na tochi, nami nilivipeleka kwa pikapu machimboni, upande wa Geita. Wote wawili tulikuwa hatuoni mbali. Miwani yangu ilikuwa minene kama kitako cha chupa ya soda. Nikiivua, ng'ombe na kichuguu kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Basi tajiri akaenda India, akarudi uso mtupu. Miwani hana! Akasimama barazani akanisomea kibao cha duka la ng'ambo ya barabara huku anacheka kama mtoto. Alikuwa amepigwa mwanga wa leza machoni.

"Kuna njia mbili," akanieleza. "Ya kwanza wanakwangua ngozi nyembamba ya juu ya jicho, halafu wanapiga mwanga. Hiyo inauma siku kadhaa, na kuona vizuri kunakuja polepole. Ya pili ndiyo mpya, ndiyo niliyofanyiwa mimi. Wanakata kifuniko kidogo, wanakifunua, wanapiga mwanga, wanakirudisha. Kesho yake unaona. Ila lazima wakupime kwanza, wengine macho yao hayafai."

"Na hawashoni, tajiri?"

"Hawashoni. Kinashika chenyewe."

Jicho lina kifuniko, kwani sufuria? Lakini akasema safari ijayo tutakwenda wote, maana dereva asiyeona atamuulia watu. Mke wangu, Mama Kulwa, alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nikachagua ya kifuniko.

Kabla ya safari hiyo nikapeleka mzigo wa mwisho. Ilikuwa alasiri, jua kali, nimeshaipita Kharumwa, mtu akanyoosha mkono kando ya barabara. Madereva wa kule hatukumwacha mchimbaji njiani. Tuliamini ukimpita, mzigo wako utakudodea. Alikuwa mweupe kwa vumbi toka utosini, tochi imefungwa kwenye paji la uso kwa mpira wa tyubu.

"Mwadila, bhabha," akanisalimu Kisukuma, akapanda. "Wewe ndiye unayetuletea kamba?"

"Ndiye mimi. Wapi wewe?"

"Duarani. Nitakuonyesha pa kukata kona."

Duara, kama hujui, ni shimo la dhahabu. Tukaenda, mpaka akaninyooshea kidole kijia kinachoingia porini. Miwani ilikuwa imejaa vumbi, nikasimamisha gari, nikaivua niifute kwa shati. Dunia ikawa uji kama kawaida. Usukani uji, mikono yangu uji. Nikamgeukia nimuulize kama njia inapitika.

Nikamwona. Unanielewa lakini? Bila miwani, nilimwona vizuri kuliko nilivyowahi kumwona mtu yeyote. Kope moja moja. Uzi uliochomoka kwenye kola. Vumbi lililokaa juu ya mdomo, chini ya pua kabisa, na halikutikisika. Hakuwa anapumua.

Nikavaa miwani: mtu wa kawaida. Nikavua: kila kitu ukungu, isipokuwa yeye.

"Shuka," nikamwambia.

Hakukasirika. Alinitazama kwa masikitiko tu. "Ungekuwa na macho mazima," akasema, "tungeshafika."

Akashuka, akaishia porini. Kijiji cha mbele wakaniambia kijia kile kinaishia kwenye duara lililofukia wachimbaji, na hakuna anayekwenda huko.

Niliporudi nikamsimulia tajiri niliyoyaona, nikamwambia sifanyiwi kitu. Akacheka, kisha akawaka: "Unakataa macho kwa sababu ya ndoto? Basi gari langu uache." Mama Kulwa alilia sana. Tukahamia Tinde, nikauza mafuta ya taa kando ya barabara.

Siku moja mchana, pikapu ile ile ikasimama mbele yangu. Tajiri anaendesha mwenyewe.

"Vipi, bado unaona ukungu?" akanitania. Pembeni yake kulikuwa na abiria. "Huyu nimempata njiani, maskini, anarudi machimboni."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye miwani. Tajiri akawa ukungu. Gari likawa ukungu. Kwenye kiti cha pembeni, tochi kwenye paji, kope moja moja.

"Tajiri, mshushe huyo! Nakuomba kwa jina la Mungu, mshushe!" Niliung'ang'ania mlango.

"Achana na hayo, rafiki yangu. Sasa hivi mimi naona kuliko wewe."

Akaondoa gari. Yule mwingine akanipungia mkono.

Pikapu ilikutwa kwenye kile kijia, milango yote miwili wazi. Bwana Pravin hakupatikana. Baadaye nilisafiri kwa basi kupita Kharumwa, na tulipokaribia pale nikavua miwani. Najua sikupaswa kuvua. Tajiri alikuwa amesimama kando ya barabara, wazi kabisa kati ya ukungu, mweupe kwa vumbi, amenyoosha mkono anaomba lifti.

Siku hizi mwanangu Kulwa ananiambia leza imesogea karibu, nikafanyiwe. Sitaki. Jioni Mama Kulwa akishapakua chakula ananivua miwani yeye mwenyewe, anakaa mbele yangu. "Mimi je?" "Ukungu mtupu." "Haya, kula."

Wewe nenda, sikukatazi. Ya kukwangua au ya kifuniko, hiyo mtajuana na daktari wako. Lakini ukisharudi na macho yako mapya, ukamkuta Mhindi mtu mzima kule barabarani anakupungia, mpite. Usisimame, hata kama unamwona vizuri.