Ndagala za Marselina

Juzi nilimkuta kitukuu wangu Anita akijifunza hesabu ya kutoa kwa biskuti, anakosea huku anatafuna. Nikamnyang'anya sahani. Mchezo ule naujua.

Siku moja utotoni mwangu mama alikuwa ameenda mtoni, akaniachia mdogo wangu Marselina. Kesho yake masera, mtawa aliyefundisha shuleni, angemuuliza hesabu ya kutoa, na akishindwa angerudishwa kwa watoto wadogo. Nyumba yote ilinukia mawese, maana ndagala ishirini za baba, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimekaangwa tayari. Nikazichukua, nikatunga kitendawili.

"Ndagala tano iko mu sahani. Paka anakula mbili. Inabaki ngapi?"

Marselina akawa paka, akatafuna mbili, kru-kru. "Inne!"

"Weye! Angalia muzuri!"

Nikaongeza mbili, paka akala, jibu likawa sita, na hivyo tena na tena. Nilimfinya, nilimbembeleza, karibu nilie. Niliamini kabisa kichwa chake ni jiwe.

Mama akaingia. "Ndagala ya baba yenu iko wapi?"

"Mama," Marselina akajibu upesi, "ilikuwa ishirini. Paka amekula kumi na nane. Inabaki mbili."

Mama alimsifu mpaka majirani wakasikia. Mimi nikatumwa bandarini Kalundu, kwa miguu, kutafuta ndagala nyingine.