Siti na Chumba cha Ndani

Siti wa Gombani alikuwa halali vizuri tangu alipoambiwa atufundishe kompyuta. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuandika risiti katika duka la vifaa vya ujenzi la Murtaza, hapo Chake Chake, na sisi wenziwe tulikuwa wauzaji tuliozoea kalamu. Murtaza alinunua programu ya kuendeshea duka, akampa Siti mpaka Jumamosi. Asiyeweza kuitumia siku hiyo, nafasi yake inakwenda kwa mtu wa Unguja aliyekwishaisomea.

Aliyemtia hofu zaidi ni muuzaji mwenzetu Mzee Shaame, mjomba wake, aliyemtafutia kazi pale.

"Huyu akishindwa," Siti aliniambia tukiosha vikombe, "nitamtazama vipi mama?"

Akaona asianze na majina ya programu. Akatuchorea nyumba. Neno la siri ndiyo hodi. Ukurasa wa kwanza ndio sebule. Bidhaa ziko chumba cha ndani, wateja chumba cha pili, hesabu jikoni. Tulicheka, tukaelewa. Hata mie, na mwanangu mgongoni, niliweza kutaja kila kitu kiko wapi.

Alhamisi Murtaza akaja kutazama. Mzee Shaame akakaa, akasema bismillahi, akaandika neno la siri kwa kidole kimoja. Kioo cha kompyuta kikafunguka. Akaiondoa mikono mezani, akaipakata.

Tukangoja. Naye akangoja. Kioo kikazima.

Siti akamwomba aanze tena. Akafika sebuleni, akatulia vile vile, macho kayainamisha kama mtu aliyekwenda kuposa. Murtaza akatazama saa yake. Siti alikuwa anavuta nyuzi za mtandio wake.

"Mjomba, ingia chumba cha ndani."

"Niingie vipi, Siti? Nyumba ya watu hii. Hajatoka mtu kunikaribisha."

Hakuwa akifanya mzaha. Nami nikajua kwa nini jana vidole vyangu viliganda pale pale. Nilidhani ni ujinga wangu. Mtu mzima wa kwetu Ole hapiti sebule ya mwenziwe, hata mlango uwe wazi. Nyumba nzuri ya Siti ndiyo iliyotufungia nje.

Siti akasawijika. Kumsahihisha mjomba mbele ya tajiri, hilo haliwezi. Akatoka. Tukasikia mlango wa chumba tulichokaa unagongwa.

"Hodi wenyewe. Nimekuja kwa misumari."

Mzee Shaame akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Kiti amekalia yeye, kujibu hodi ni kwake.

"Karibu," akasema taratibu. "Ya inchi ngapi?"

Mwenye nyumba hamwachi mgeni akarudi mikono mitupu. Akashika kipanya, akapotelea kwenye wateja, akarudi, akaingia chumba cha ndani, akaipata misumari. Risiti ikatoka.

Murtaza akaisoma, akaikunja. Alisema tu kwamba Jumamosi wateja watakuwa wengi, wala hawatakuwa wapwa wa mtu.

Alipoondoka, Siti akauchana ule mchoro. Akatuambia kuanzia hapo kila anayekaa kwenye kiti ndiye mwenye duka, na mgeni ni yeye. Alipiga hodi mpaka alasiri, mara anataka saruji, mara mabati. Kila tulipokosea alisema haidhuru, kwa sauti ya chini isiyokaa sawa. Na kila ilipofika zamu ya mjomba wake, alikuja kusimama nyuma yake, akashika mgongo wa kiti, asiuachie.