Mwafrika Aliyekataa Kuwaongoza Waingereza

Miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa theolojia Stockholm, na nilijiona kweli kweli. Jumapili moja Wakristo tuliozungumza Kiswahili tulikutana Rågsved, kitongoji cha jiji hilo, katika chumba cha mikutano chini ya ghorofa, kumchagua kiongozi wa ushirika wetu. Uongozi ule niliutaka kufa na kupona. Suti niliipiga pasi tangu Ijumaa.

Kabla ya uchaguzi nikapewa nafasi ya kusema neno. Nikawasimulia habari za mtawa wa Kigiriki aliyetumwa, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kuliongoza kanisa la Waingereza: mzee wa miaka sitini na sita, mgeni, aliyengojezwa Roma miezi minne nywele ziote ili anyolewe utosi kwa mtindo wa watawa wa huko. Akaenda, akaliunganisha kanisa lililokuwa likivutana. "Na kabla yake," nikanogesha, "Papa alimwomba Mwafrika mwenzetu. Akakataa kwa unyenyekevu, akampendekeza huyo mzee!" Kina mama wakapiga vigelegele.

Kikao kiliongozwa na mama wa Kiswidi, nesi mstaafu aliyefanya kazi Bukoba miaka mingi. Akanitaja mimi wa kwanza. Nami, kama nilivyolelewa, nikainamisha kichwa: "Jamani, mimi sistahili." Kwetu hapo watu husema, "Acha hizo, bwana, kubali!" Unakataa tena, unabembelezwa, ndipo unainuka kwa shida kama uliyetwishwa gunia.

Mama akagonga meza kwa nyundo yake ndogo. "Amekataa, kama yule Mwafrika. Tumheshimu. Sasa wewe unampendekeza nani?"

Lo! Nikatazama huku na huku. Wote walinitazama kwa heshima, jamani, kwa heshima! Kwa hasira nikamnyooshea kidole mzee mmoja Mkenya, fundi cherehani, mpole asiyesema, nikijua naye atakataa na watanirudia mimi.

"Nakubali," akasema, hata mkono sijaushusha.

Nilimchukia mpaka tulipofika mlangoni. Hapo akanishika bega. "Mwanangu, yule Mwafrika wako, alipokwisha kukataa alikwenda wapi?"

Sehemu hiyo nilikuwa nimeiruka makusudi. "Alimfuata yule mzee Uingereza," nikajibu. "Akafundisha chini yake miaka mingi."

"Vizuri sana," akasema, akinikabidhi ufunguo wa chumba. "Basi Jumapili uje saa moja kabla yetu, upange viti."

Nilivipanga miaka sita, na hakuna aliyewahi kuniomba tena niongoze.