Dakika Mbili Zilizogeuka Saba

Leo nusura nifutwe kazi kwa sababu ya dakika mbili.

Mnajua ninavyopenda kuhesabu. Tangu ofisi ipate kompyuta, juu ya kila tangazo letu kwa wakulima wa mpunga naandika: "Maneno 240. Kusoma, dakika mbili." Hakuna aliyenituma, na bado sijathibitishwa kazini!

Leo Meneja akanipeleka kwenye mkutano wa wakulima Ahero, nikasome tangazo mwenyewe. Nikaanza na hizo dakika zangu, kwa sauti.

Kumbe nilizipima nikisoma kimya, peke yangu. Kule kila sentensi ya Kiswahili inarudiwa kwa Dholuo, lugha ya wenyeji.

Nilipomaliza, Mzee Ogola, mkulima wa siku nyingi, akainua mkono wenye saa. "Karani! Umesema mbili. Hii yangu inasema saba!"

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. "Nani alikuambia uandike hivyo?"

"Ni mimi, Bwana. Nilikosea."

"Wacha huyo msichana," Mzee akasema. "Siku zingine tunaondoka katikati, hatujui mtamaliza lini. Leo nani ameondoka?"

Nikatazama. Hata mmoja! Wote walikuwa wamesikia siku ya kufunguliwa maji ya mashamba, ambayo huwa mwisho kabisa wa tangazo.

Meneja akakohoa. "Basi matangazo yote yaandikwe hivyo. Lakini upime na Dholuo."

Jamani, mimi!

Sasa nimerudi ofisini Kisumu, nasoma matangazo kwa sauti, saa mezani. Ofisi nzima inaniangalia, na leo sijali. Mnasemaje?