Shangazi wa Kwenye Pazia

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, mama mmoja wa Mtinko aliingia studio ya picha na binti yake. Wao ndio wangekuwa wa kwanza kupigwa picha mbele ya pazia nililolichora.

Mitumba ilikuwa imeanza kujaa Singida mjini. Wasichana walivaa magauni ya maua, na mwenye studio alitaka pazia linalofanana na nguo hizo. Katika gazeti la zamani la Ulaya nilikuta mchoro wa bustani ya mjini: matajiri wakitembea chini ya miti, wanawake na miavuli, wanaume na kofia ndefu na fimbo. Mchoraji hakuhangaika na sura. Aliweka madoa ya rangi. Ukisogea nyuma, doa linakuwa mtu. Nilijaribu kwenye maboksi mpaka nikaweza, kisha nikachora pazia kwenye kitambaa cha marekani.

Picha ya binti ilikuwa ya kupelekwa kwa wazazi wa mchumba kwa basi la jioni. Alipokwisha kusimama, mama yake akainua mkono.

“Huyo mwanamume nyuma yake ni nani?”

“Ni rangi tu, mama,” nikasema.

“Mbona anamwangalia mwanangu?”

“Hana hata macho. Ni doa.”

“Hana macho na bado anamwangalia! Wakwe watasemaje?”

“Lakini mama, kofia yake nzuri,” binti akasema, akicheka.

“Nyamaza! Umeshaanza kumtetea.”

Mwenye studio hakucheka. “Fundi, hawa wakiondoka, unanunua marekani nyingine kwa pesa yako.”

Kumfuta yule bwana kungeacha baka. Nikauliza, “Mama, kwenu binti akienda kupiga picha ya posa husindikizwa na nani?”

“Na shangazi yake. Leo miguu inamsumbua.”

Nikachukua brashi. Kofia ikawa kilemba, koti likawa khanga, fimbo nikaiacha. Mama alirudi nyuma mpaka mlangoni, akakunja uso, halafu akaangua kicheko.

“Ndiye kabisa! Mpaka anavyoegemea fimbo. Shikamoo, wifi!”

Tulipiga picha rangi ikiwa mbichi, tukaisafisha kwenye chumba cha giza, ikawahi basi. Wiki iliyofuata wasichana walikuja wakiuliza pazia la shangazi. Marekani nyingine sikuinunua, nikaokoa shilingi elfu tatu na mia sita.