Taa ya Pikipiki ya Baba

Pikipiki aliyoniachia marehemu baba ilikuwa na taa ya kunipandisha hasira. Nikipiga resi inang'aa, nikipunguza mwendo inafifia kama koroboi. Kila alfajiri nilibeba vitunguu kutoka Malolo hadi Mikumi, na malori ya Iringa yakawa yananisukumia kwenye majani kana kwamba barabarani hakuna mtu. Dereva mmoja nilimfuata hadi gesti kumfokea. Akanijibu kwa upole, "Mama, sikukuona."

Fundi wa stendi akanishauri niiuze pikipiki kama chuma chakavu. Nikamwambia chuma chakavu ni yeye. Nikanunua taa ya LED na swichi ya kupandisha na kushusha mwanga, nikakaa uani kwangu na bisibisi. Taa ya zamani ilikuwa inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini, hivyo nikavuta waya mpya kutoka kwenye betri. Nikaunguza fyuzi, nikatukana, nikafungua tena. Ilipowaka, ng'ombe wa jirani yangu mfugaji waligeuza shingo wote.

Alfajiri iliyofuata, lori lilitokea mbele yangu. Kwa mazoea nikashika breki, tayari kukimbilia majani. Lakini lori lilibaki upande wake, na dereva akanipigia taa. Alikuwa ananiomba nishushe mwanga. Mimi, na pikipiki ya baba!

Nilimwacha aumie macho kidogo, ndipo nikashusha.